Jina la Mama Viti

Simu iliita wakati Mama Viti amezama hadi viwiko kwenye beseni la sabuni. Viti vilikuwa vimerudi kutoka kwenye shughuli ya mtu vikiwa na mchuzi uliokauka, na kiti cha namna hiyo hakitaki maneno, kinataka brashi. Vilivyosuguliwa viliegemezwa ukutani vichuruzike maji. Visivyosuguliwa vilipandana hadi karibu na dirisha. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba akinyoosha mabomba ya turubai yaliyopindwa na upepo. Aliyekuwa karibu na simu ni mama mkwe wake, ameketi barazani akizitatua kamba zilizojifunga fundo.

"Mama, nipokelee hiyo," Mama Viti alisema bila kuinua kichwa. "Kama ni mteja, mwambie nitampigia."

Mama mkwe alipokea. Upande wa pili alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimwamkia, akamuuliza habari za afya, akasubiri jibu kama mtu asiye na haraka. Kisha akajieleza kuwa anatoka makao makuu ya mtandao. Akaunti ya ujumbe ya Mama Viti ilikuwa inahamishiwa kwenye mfumo mpya, na isipohakikiwa leo itafungwa, na wateja wote watapotea. Hakukuwa na haja ya kumsumbua mwenye biashara kama mikono yake ina kazi. Kuna namba imeshaingia kwenye simu hiyo hiyo. Mama amsomee tu.

Mama mkwe alivaa miwani, akaufungua ujumbe kama alivyofundishwa na binti yake, akasoma tarakimu moja moja, taratibu, kama mtu anayepitisha kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Ujumbe wenyewe ulionya kwamba namba hiyo asipewe mtu yeyote. Lakini onyo lilikuwa la Kiingereza, na kijana alikuwa akizungumza Kiswahili kizuri.

"Ahsante sana, mama yangu," kijana alisema. "Mungu akuzidishie."

Mama mkwe alirudisha simu mezani akaendelea na kamba zake, amefurahi kidogo kwamba naye ameifanyia biashara jambo. Alipoulizwa alijibu kuwa ni watu wa mtandao, wamemaliza. Mama Viti, kwa kelele za brashi, alisikia nusu. Akasema haya, akavuta kiti kingine.

*

Biashara yao yote ilikuwa viti vyeupe vya plastiki, maturubai mawili makubwa na moja dogo, pikapu iliyowaka kwa kubembelezwa, na ile simu. Mtu mwenye shughuli aliona picha za viti kwenye simu yake, akauliza kama tarehe yake iko wazi, akatuma advansi, na siku ikifika pikapu inapiga honi getini kwake. Jina halisi la mwenye biashara halikujulikana na wengi. Hata fundi wa pikapu alimwandikia risiti kwa jina la Mama Viti.

Mchana wa siku hiyo akaunti ya ujumbe iligoma kufunguka. Mama Viti alidhani vocha ya intaneti imekwisha. Alikuwa bado anahangaika nayo alipoingia mama mmoja mnene, nadhifu, muuguzi wa mtaa wa pili aliyekuwa anastaafu na kuagwa Jumamosi hiyo. Alisema amepita tu kuviona viti vyake kwa macho, maana keshalipa vyote na turubai juu, baada ya kuandikiwa kwamba atakayelipa yote leo atapunguziwa nusu.

Mama Viti alicheka, akidhani ni utani. Jumamosi hiyo ilikuwa imekwisha chukuliwa na mwalimu aliyekuwa akimwoza binti yake. Viti vyote vilikuwa vya mwalimu. Muuguzi hakucheka. Alitoa simu yake, akamshikia usoni.

Palikuwa na picha ya Mama Viti mwenyewe, na kitambaa chake cha njano, amesimama mbele ya pikapu. Chini yake maneno: "Mpenzi mteja, ofa ya leo tu." Katika maisha yake Mama Viti hajawahi kumwita mteja mpenzi. Jina la aliyepokea pesa lilikuwa la mwanamume wasiyemjua. Muuguzi alikuwa ameuliza, akajibiwa kuwa huyo ni mhasibu wa kampuni.

"Mhasibu gani, dada yangu?" Mama Viti alisema. "Mhasibu ni mimi, na mwosha viti ni mimi."

"Picha ni yako. Jina ni lako. Namba ni yako," muuguzi alisema. "Sasa mimi nimeibiwa na nani?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Angepiga kelele, angalau Mama Viti naye angepata pa kuzipigia zake. Waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Muuza mboga wa ng'ambo alisimama, akafunika nyanya zake, akavuka barabara. Mumewe Mama Viti aliposikia ukimya wa namna ile alikuja kutoka nyuma ya nyumba, nyundo mkononi, na mwanamume mwenye nyundo hamtulizi mtu. Akasema kuwa mtu anayetuma pesa kwa jina asilolijua ajilaumu mwenyewe. Muuguzi aliitazama nyundo, akamtazama na yeye, akafunga mkoba. Alisema anakwenda kituoni, na njiani atamwambia kila atakayekutana naye kwamba Mama Viti amekuwa tapeli.

Alitimiza yote mawili.

*

Walizunguka hadi ofisi zikafungwa. Kwenye duka la kampuni ya simu waliambiwa laini yao ni nzima na kwamba akaunti za ujumbe si kazi yao. Mhudumu, binti mwenye kucha ndefu, alimuuliza Mama Viti kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni kama alimpa mtu namba ya siri. Watu waligeuka. Mama Viti alisema hakumpa mtu. Binti alitikisa kichwa kama daktari anayeambiwa na mlevi kwamba hanywi, akaita anayefuata.

Kituoni, askari aliandika maelezo kwa mwandiko mzuri, kisha akauliza jina la mtuhumiwa.

"Anatumia langu," Mama Viti alijibu.

Askari aliinua kalamu, akafikiri, akaandika hivyo hivyo.

Aliyewafaa ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Aliichukua simu, akaacha wateja wake wamesimama, akaanza kubonyeza. Aliomba namba mpya ya uthibitisho, ikaja, akaiingiza, na hapo hapo mwizi akatupwa nje ya akaunti. Mama Viti alishusha pumzi. Lakini wifi aliendelea kuikunjia uso simu. Yule mtu, kabla ya kutolewa, alikuwa ameweka namba yake mwenyewe ya ulinzi.

"Nyumbani kwenu hayumo tena, wifi," alisema, "ila ameondoka na ufunguo. Itabidi tusubiri wiki nzima ndiyo wenye mtandao watufungulie. Na namba za wateja ameshazinakili. Anaweza kuwaandikia kwa laini nyingine, kwa picha yako ile ile, awaambie umebadilisha namba."

Kisha akaona kwenye ujumbe namba iliyoingia asubuhi, akauliza ilisomwa na nani. Mama Viti alijaribu kukumbuka, akakumbuka povu tu. Simu huita mara nyingi katika siku ya mtu anayekodisha viti. Alisema simu ilikuwa nyumbani, naye alikuwa nyumbani.

"Basi ni wewe," mumewe alisema.

Aliyarudia wakati wa chakula cha jioni. Alisema mkewe hubonyeza chochote kinachometameta, kwamba ameonywa mara nyingi, kwamba sasa jina lote la nyumba liko barabarani. Mama Viti alimwamini. Alijiona kabisa, na mikono yake ya sabuni, akigusa kitu asichokisoma. Mama mkwe wake alisogeza sahani kando. Alisema jino linamsumbua, akaenda kulala.

Mama Viti alikaa na simu akiwapigia wateja aliowahifadhi, kuwaambia wasitume pesa kokote. Wengine walimkatia simu, maana walidhani ndiye tapeli mwenyewe. Wengi zaidi hakuwa na namba zao kabisa. Waliandika, wakalipa, wakapelekewa viti, na maneno yao yote yalibaki ndani ya akaunti aliyofungiwa. Aliwajua kama mama wa mapacha, baba wa geti la kijani, wale wa ghorofa yenye ngazi mbovu. Huwezi kumpigia simu geti la kijani.

*

Asubuhi kitanda cha mama mkwe kilikuwa kimetandikwa na viatu vyake vya kutokea havipo. Walidhani ameamkia kwa daktari wa meno. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali simu ya kwanza ilipokuja. Ni mama wa mapacha.

"Mama yako mkwe katoka hapa sasa hivi," alisema. "Nimemwambia akae apumzike, kakataa. Kasema ana nyumba nyingine."

Kila pikapu ilipokwenda kuchukua viti kwenye shughuli za watu, mama mkwe ndiye aliyekaa mbele na dereva, kwa sababu hakuna aliyevihesabu viti kwa wivu kama yeye. Kwa hiyo namba za simu za wateja hakuzijua, lakini milango yao aliijua. Alianza na ya karibu. Mahali pengine alipewa maji, pengine aliingia nyumba siyo, akawakuta watu wasiowahi kukodi hata kigoda na akawaeleza hata hivyo. Kwenye geti la kijani, mwenye nyumba alichungulia, akaona mwanamke mzee mwenye vumbi, akamwambia leo hakuna kitu, apite siku nyingine.

"Sikuja kuomba," mama mkwe alimjibu kupitia upenyo wa geti. "Nimekuja kukuzuia usitoe."

Geti likafunguka.

Kwenye ghorofa yenye ngazi mbovu alipanda akishika ukuta. Alimkuta mwanamke ameketi kitandani, miwani puani, anaandika namba ya malipo kwenye simu. Alikuwa ameandikiwa asubuhi hiyo na "Mama Viti", kwa laini mpya, alipe maturubai ya kipaimara cha mwanawe leo leo. Bado kidole kimoja tu. Mama mkwe hakuwa na pumzi ya kusema. Alikwenda akaifunika ile simu kwa kiganja chake, akaketi kitandani, na maelezo yakafuata baadaye.

Alirudi nyumbani alasiri, viatu mkononi. Mama Viti alichemsha maji, akatia chumvi, akaweka beseni mbele yake na kupiga magoti. Alianza kumshukuru, akasema hajui atamlipa nini. Mama mkwe alirudisha miguu nyuma, chini ya kiti.

"Usinioshe kwanza, mwanangu. Nisikilize."

Akaeleza. Alianzia kwenye salamu za kijana, akaeleza miwani, akaeleza tarakimu. Hakuruka kitu. Alisema jana mezani alitaka kusema, maneno yakamkwama, akasingizia jino, na usiku kucha alimsikia Mama Viti akigeuka kitandani kwa kosa lisilo lake.

Mama Viti alisimama, akatoka nje. Uani alivipanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa. Alimkumbuka binti wa kucha ndefu na ile foleni iliyogeuka. Aliyakumbuka maneno ya mumewe, jinsi alivyoyameza yote kama dawa, na mwenye nayo ameketi mbele yake ameshika shavu. Alikasirika kweli kweli. Alikivuta kiti kimoja kwa nguvu, mguu wake ukapasuka.

Halafu akaanza kuziwaza zile nyumba. Alikuwa ameshazifikia zote kwa pikapu, na alijua umbali kati ya geti moja na jingine. Aliwaza ngazi za ile ghorofa. Hata yeye, mwenye magoti mazima, huzipanda kwa kunung'unika.

Aliporudi maji yalikuwa yamepoa. Akaongeza ya moto, akapima kwa mkono.

"Alikuitaje, huyo kijana?" aliuliza.

"Aliniita mama. Aliniamkia kwanza."

"Basi hata mimi ningemsomea."

Mama mkwe aliingiza miguu majini. Mume alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliyomwambia mkewe jana hakuweza kumwambia mama yake leo, na hilo alilitambua pale pale aliposimama. Alikohoa.

"Maneno yangu ya jana," alimwambia mkewe mbele ya mama yake, "niliyapeleka mlango siyo. Nisamehe."

"Yalinifikia hata hivyo," Mama Viti alisema. Lakini alisogea, akampa nafasi naye apige magoti, na mguu wa kushoto akauosha yeye.

*

Waliokuwa wamelipa kwa mwizi kabla hajazuiwa walikuwa watatu: muuguzi, kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa, na baba mmoja aliyekuwa akimwandalia mwanawe sherehe ya kumaliza masomo. Wote kwa Jumamosi. Mume alisema sheria haiwadai chochote. Pesa kala mwingine.

"Wao hawakumlipa mwingine," Mama Viti alisema. "Kwa walivyojua wao, walinilipa mimi."

Kikundi cha akina mama, kilipopelekewa habari, kilikubali kukutana Jumapili. Baba wa msomi alisema viti ataazima kwa majirani, akapewa turubai dogo, akashukuru kuliko walivyotarajia. Alibaki muuguzi. Wageni wake walikuwa wamekwisha alikwa, wengine wanatoka mbali, na viti vyote vilikuwa vya mwalimu.

Palikuwa na mtu mmoja tu mwenye viti vingi kiasi hicho. Watu walimwita Bwana Turubai, na yeye na Mama Viti walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kunyang'anyana wateja. Walipofika uani kwake aliwaacha wasimame kwanza. Akamaliza kushona upindo wa turubai, akakata uzi kwa meno, ndipo akawauliza wamepotelea wapi.

Mama Viti alieleza kila kitu, hata la mama mkwe, lakini hilo alilieleza kama kosa la nyumba nzima. Alisema atalipa kukodi, ila kwa mafungu. Bwana Turubai alisikiliza huku akiichezea sindano. Kisha aliinuka, akafungua stoo.

"Chukua vya bluu," alisema. "Vyekundu nimeviahidi."

"Bei yake?"

"Nimesema chukua."

Mume alianza kubeba kabla mtu hajabadili nia. Mama Viti alibaki amesimama, hajui ashike wapi. Bwana Turubai alimtazama, akaona bora aseme.

Kabla ya mvua zilizopita, alisema, mtu aliagiza viti na kumtumia ujumbe wa malipo. Ulikuwa umeandikwa kama wa benki kabisa, na herufi zake na alama zake. Hakwenda kuangalia salio. Alipakia, akapeleka, akavipanga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Aliporudi kesho yake palikuwa na uwanja mtupu. Pesa haikuingia, na viti hakuviona tena.

"Mbona hukusema?" Mama Viti aliuliza. "Sote tungejihadhari."

"Niseme kwa nani? Kwako? Si ungecheka."

Mama Viti alitaka kukanusha, akashindwa.

"Ningecheka," alisema.

Bwana Turubai akaangua kicheko yeye, akainama, akamsaidia mumewe kubeba.

*

Jumamosi, muuguzi alisimama getini kwake mikono kifuani. Alikuwa ameambiwa viti vitakuja. Alikuwa ameamua kuamini akiviona. Pikapu ilipoingia hakusema karibu wala habari. Alihesabu kwa macho. Turubai lilipopanda na viti vya bluu vikapangwa, alivuta kimoja, akakikalia, akakitikisa, kisha akaingia ndani kuvaa.

Shughuli ilikwenda vizuri. Daktari mmoja alisema maneno marefu, na madereva wa gari la wagonjwa waliimba. Muuguzi aliposimama kushukuru, aliwashukuru wakuu wake, wafagizi wa wodi, na mgonjwa mmoja aliyekuja na magongo.

"Wiki hii tuliibiwa watu wawili," alisema. "Mimi, na aliyeleta viti mlivyokalia. Mimi niliibiwa pesa, yeye aliibiwa jina. Nikaenda kwake nikamwita mwizi mbele ya watu wake. Yeye leo amewakalisha ninyi, na hajanidai hata senti. Nimekosa mahali pengine pa kumrudishia jina lake isipokuwa hapa, mbele ya watu wangu. Mama Viti, ahsante."

Watu waligeuka kumtafuta. Mama Viti alikuwa nyuma ya pikapu, akikaza kamba iliyokuwa imekwisha kazwa. Mumewe alimshika mabega, akamtoa hadharani. Walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa, akasema ahsante kwa sauti ambayo hata mumewe hakuisikia.

*

Wiki ilipotimia mtandao uliwafungulia. Wifi alikuja nyumbani akaketi nao mezani. Mume alisema wengine hulipia wifi kila mwezi, wao wanayo ya bure, tena inakula. Wifi alimpiga kibao cha begani, akaendelea na kazi.

Aliwawekea kile alichokiita mlango wa pili: namba ya ulinzi ambayo akaunti huidai hata kama mtu ameshapata ile inayotumwa kwa ujumbe. Namba za wateja alizinakili mahali pengine, ili siku nyingine wasiwatafute kwa miguu. Aliwachapia kibao cha getini chenye jina moja tu la kupokelea malipo. Na alisema hakuna mtu wa mtandao, wa benki wala wa serikali anayepiga simu kuomba asomewe namba, hata akikuamkia kwa magoti.

Ile namba ya ulinzi ilitakiwa isiwe mwaka wa kuzaliwa wala kitu cha kukisiwa. Mama Viti aliisukuma simu mbele ya mama mkwe wake.

"Chagua wewe, mama."

Mama mkwe alikataa. Akaombwa, akakataa tena, akasema yeye ndiye wa mwisho anayefaa. Mama Viti hakuiondoa simu. Mwishowe mama mkwe alimvuta sikio, akamnong'oneza, na wote wawili wakacheka. Mume aliuliza ni ngapi. Aliambiwa yeye akanyooshe mabomba.

Jumapili iliyofuata Bwana Turubai alifungua uwanja wake. Walikuja wakodisha spika, wapambaji wa kumbi, wapishi wa shughuli, mwenye jenereta. Watu wanaokutana kila wiki kwenye sherehe za wengine na kupimana kwa pembe ya jicho. Wifi alisimama mbele, akaeleza aliyoyaeleza mezani, kisha akauliza ni nani mwingine amewahi kuibiwa kwa njia ya simu. Alisema njia za wezi ni nyingi, na mmoja akisema wengine watapona.

Kila mtu alivikagua viatu vyake. Hata Bwana Turubai alikuwa anatazama juu, kama anayepima turubai lake.

Mama mkwe aliinuka. Mama Viti alimshika nguo kwa nyuma, taratibu, amketishe. Hakukuwa na haja ya mzee huyu kujianika mbele ya watu wote hawa. Mama mkwe aliuondoa mkono wake.

"Mimi ndiye niliyemsomea," alisema. "Simu si yangu, biashara si yangu. Aliniamkia, akaniita mama, nikavaa miwani nikamsomea yote. Halafu nikanyamaza, mkwe wangu akalaumiwa badala yangu. Kusoma namba ni kosa dogo. Kunyamaza ndiko kuliwapa wezi muda."

Akaketi. Kisha Bwana Turubai alisimama akaeleza la viti vyake, uwanja mtupu na yote. Mwenye spika, aliyekuwa nyuma kabisa, alisema yeye walimtumia kiungo cha zabuni, akakibonyeza. Mpishi mmoja alianza kusema, akalia, akaendelea. Mwenye jenereta alisema lake hajamwambia hata mkewe, na mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, akamgeukia.

Mkono wa mama mkwe ulikuwa juu ya goti. Mama Viti aliuchukua, akauweka kati ya viganja vyake, na hakuuachia hadi mtu wa mwisho alipomaliza kusema.